Ithibati, usalama wa bidhaa na soko la nje: maswali ninayoulizwa Mwanza

Maswali haya hayakutungwa mezani. Nimeyakusanya Mwaloni Kirumba, Nyakato viwandani, mpakani Sirari na, mara nyingi zaidi, kwenye simu za saa mbili usiku kutoka kwa mtu ambaye mzigo wake umeshakwama. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya udhibiti ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara. Siku hizi nawasaidia wafanyabiashara wadogo na makaratasi ya kupeleka bidhaa nje. Nimeyapanga jinsi yanavyonijia, kwa hiyo usishangae ukikuta jambo zito limefuatiwa na dogo.

Ithibati ni nini, kwa lugha ya sokoni?

Ukinunua dagaa Mwaloni humwamini muuzaji kwa mdomo tu, unaangalia mizani. Na mizani nayo ina mwenyewe wa kuichunguza: Wakala wa Vipimo anakuja, anaikagua, anabandika stika. Ile stika haisemi dagaa ni wazuri. Inasema mizani inapima sawasawa.

Ithibati ni stika ya namna hiyo, ila inabandikwa kwa wapimaji: maabara zinazopima sampuli, kampuni zinazokagua mizigo, na mashirika yanayotoa vyeti vya ubora. Chombo huru kinawachunguza kama wana ujuzi, kama vifaa vyao viko sawa, na kama hawana sababu ya kumpendelea anayewalipa. Kwa hiyo sangara hapewi ithibati, na kiwanda kilichomchakata hakipewi pia. Anayepewa ni yule anayempima sangara. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki umeshayajibu mwenyewe.

Nina alama ya TBS kwenye pakiti zangu. Si ndiyo ithibati hiyo?

Hapana, mama, ingawa hata maofisa wengine wanayachanganya maneno haya. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inasema bidhaa yako, tuseme unga wa lishe, imekidhi kiwango cha Tanzania. Hicho ni cheti cha bidhaa. Ripoti ya maabara ni kitu kingine: inaeleza sampuli moja iliyopimwa siku moja. Ithibati iko ngazi ya juu ya hivyo viwili, inamhusu aliyetoa cheti na aliyeandika ripoti.

Na kwa wale wanaoniuliza bado kuhusu TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa: haipo tena. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vilihamia TBS, dawa na vifaa tiba vikabaki kwa TMDA. Samaki wa kwenda nje wana njia yao, kupitia wizara yenye dhamana ya uvuvi.

Hizo namba za ISO zinanichanganya. Ipi ni ipi?

ISO ni shirika la kimataifa linaloandika viwango, na kila namba ni kiwango kimoja. Kwa kazi za huku kwetu, kumbuka chache. ISO/IEC 17025 ni ya maabara za upimaji na za ugezi, yaani kuhakiki kifaa cha kupimia kwa kukilinganisha na kipimo sahihi. ISO/IEC 17020 ni ya wakaguzi wa mizigo. ISO/IEC 17065 ni ya wanaothibitisha bidhaa. ISO 15189 ni ya maabara za hospitali. ISO 22000 iko kundi jingine kabisa: ni ya kiwanda cha chakula chenyewe, na kiwanda kinapata cheti chake, hakipati ithibati. Mtu akikwambia kiwanda chake kina "ithibati ya ISO 22000", msamehe, lakini usiandike hivyo kwenye barua kwa mnunuzi wa Ulaya.

Tanzania nani anatoa ithibati?

Kwa miaka mingi maabara zetu zimekuwa zikichunguzwa na SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC chenye makao yake Gaborone, Botswana. Kilianzishwa kwa akili ya kijiji: nchi ambazo zisingemudu kila moja kuwa na chombo chake, zikachangia kimoja. Afrika Kusini wana chao, Kenya wana KENAS. Maabara ya Mwanza hailazimiki kwenda Gaborone, inaweza kuchagua chombo kingine, na wapo waliozoea kusema "vyombo vya Ulaya ndivyo vinavyoaminika". Sivyo, na swali linalofuata linaeleza kwa nini.

Mtu wa Rotterdam aiamini vipi karatasi iliyopigwa muhuri Mwanza?

Hamjui mkemia wetu na hatamjua. Anachokijua ni mnyororo. Maabara imechunguzwa na chombo cha ithibati. Chombo hicho nacho kimechunguzwa na wenzake wa nchi nyingine, kwa kiwango cha ISO/IEC 17011, na kikafaulu, ndipo kikakaribishwa kutia sahihi makubaliano ya kutambuana. Kwa maabara, makubaliano hayo yaliwekwa na ILAC, ushirikiano wa kimataifa wa ithibati za maabara, tarehe 2 Novemba 2000 mjini Washington, yakiwa na vyombo 36 kutoka nchi na maeneo 28. Kwa wanaotoa vyeti kulikuwa na IAF, jukwaa la kimataifa la ithibati. Barani Afrika kuna AFRAC, ushirikiano wa ithibati wa Afrika. ILAC na IAF ziliamua kuungana kuwa chombo kimoja, Global Accreditation Cooperation Incorporated, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo usishtuke ukiona alama mpya kwenye ripoti. Cheti cha zamani hakigeuki bandia kwa sababu hiyo.

Nyuma ya yote kuna sheria za biashara za dunia. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) kuhusu vikwazo vya kiufundi, ulioanza kazi mwaka 1995, unazitaka nchi zikubali matokeo ya vipimo vya nchi nyingine pale inapowezekana, na unaitaja ithibati kwa jina kama mfano wa ushahidi wa umahiri. Bila mnyororo huu mzigo ungepimwa Mwanza, ukapimwa tena bandarini, ukapimwa mara ya tatu ghalani kwa mnunuzi. Kila kipimo kina bili yake na siku zake, na minofu mibichi haijui kusubiri.

Ni kweli samaki wetu waliwahi kufungiwa Ulaya?

Kweli kabisa, na wenye umri wangu hawajasahau. Viwanda vya minofu vilikuwa ndiyo kwanza vimeshika kasi miaka ya 1990. Mwaka 1997 ukaanza na malalamiko ya Hispania na Italia kuhusu Salmonella, kijidudu kinachougesha tumbo, kwenye sangara wa Ziwa Viktoria. Mwisho wa mwaka huo kipindupindu kikawa kimesambaa Afrika Mashariki, na kuanzia Desemba 1997 hadi Juni 1998 Umoja wa Ulaya ukasitisha samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Hatujakaa sawa, 1999 zikaja habari za watu kuvua kwa sumu. Milango ikafungwa tena.

Ukiangalia kisayansi, lile katazo la kipindupindu halikusimama vizuri. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema hatua ya aina hiyo haikuwa na msingi, maana vijidudu vya kipindupindu vinakufa samaki akipikwa. Hapo ndipo uchungu ulipokuwa: tulikuwa na hoja, hatukuwa na ushahidi ambao mnunuzi angeukubali. Ukiulizwa "mmepima wapi, kwa njia gani, nani amewachunguza nyie?", unakosa la kusema. Kwa habari za sumu ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu kupima mabaki ya viuatilifu kunataka mashine na wataalamu ambao ukanda huu haukuwa nao wa kutosha.

Yaliyobadilika baadaye yalibadilika kwa sababu ya yale mapigo. Ukaguzi ukawekwa chini ya mamlaka moja inayoeleweka, mialo ikaanza kujengewa sakafu na maji safi, na pale Nyegezi tukawa na maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Umoja wa Ulaya nao ukaendelea kukaza. Kanuni yao namba 2017/625 inadai maabara zao rasmi ziwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, na nchi inayowauzia chakula inatakiwa itoe dhamana inayolingana na hiyo.

Wachunguzi wakija maabara wanaangalia nini hasa? Au ni chai na makaratasi?

Makaratasi yapo mengi, sitakudanganya, na chai ipo. Lakini mchunguzi mzuri haketi ofisini. Anasimama nyuma ya fundi na kumwambia, "Endelea na kazi yako kama vile sipo."

Chukua kipimo cha Salmonella. Fundi anapima gramu 25 za mnofu, anazisaga kwenye supu ya kuoteshea, anaziweka kwenye kabati la joto kwa digrii 37 kwa saa kama 18. Kisha anahamisha kwenye supu nyingine, halafu kwenye sahani, halafu anathibitisha. Hitaji ni kwamba katika zile gramu 25 asionekane hata kijidudu kimoja. Sasa mchunguzi anauliza: hilo kabati la joto unajuaje ni 37? Anaonyeshwa kipimajoto. Kipimajoto kilifanyiwa ugezi lini, na nani? Anaonyeshwa cheti. Aliyefanya ugezi naye ana ithibati? Maswali yanashuka hivyohivyo mpaka kwenye vipimo vya rejea vya taifa na vya dunia. Wataalamu wanasema kipimo kiwe na ufuatiliaji. Mimi nawaambia watu ni kama ukoo, lazima uweze kumtaja babu.

Kisha kuna mtihani wa kificho. Mtoaji wa majaribio hutuma sampuli ileile kwa maabara nyingi, yeye mwenyewe akiwa anajua au akikokotoa jibu. Kila maabara inapima kimyakimya na kutuma matokeo. Unapewa alama kulingana na jibu lako lilivyo mbali na jibu sahihi: ndani ya 2 uko salama, kati ya 2 na 3 jiulize, ukifika 3 umeanguka na lazima ueleze kilichotokea na ulichorekebisha. Hapo hakuna chai itakayokusaidia.

Na hawaji mara moja wakasahau. Kile kiwango cha ISO/IEC 17011 kinataka wachunguzi warudi maabara kabla miaka miwili haijapita kati ya ziara na ziara, na mzunguko mzima usizidi miaka mitano.

Niongeze la kwangu. Mwaka wangu wa kwanza kiwandani tulikuwa na kipimajoto cha kuchomeka, cha njano, tulichokipenda kwa sababu kila mnofu ulikuwa unasoma digrii 2, vizuri kabisa. Siku moja fundi mgeni akaponda barafu, akaijaza kwenye kikombe, akaongeza maji kidogo, akakoroga, akachomeka. Barafu inayoyeyuka ni digrii 0, haina mjadala. Kipimajoto chetu kikasoma kasoro 3. Kumbe minofu yetu ya digrii 2 ilikuwa ya digrii 5, kwa muda usiojulikana. Hakuna aliyeugua, bahati yetu. Tangu siku hiyo kikombe cha barafu kinakaa akilini mwangu, na wewe ukiwa na kipimajoto nyumbani au dukani kifanyie hivyo leo. Hakuna gharama.

Nataka kupeleka sampuli. Nitajuaje maabara inafaa?

Usiulize "mna ithibati?" Wote watajibu ndiyo. Uliza: "Ithibati yenu inafunika kipimo hiki, kwenye bidhaa hii, kwa njia hii?" Kila cheti cha ithibati kina orodha nyuma yake inayoitwa wigo. Ndiyo roho ya cheti. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima vijidudu kwenye samaki na isiwe nayo kwa sumukuvu kwenye karanga, na hakuna kosa hapo, mradi isijifanye. Wigo unapatikana kwenye tovuti ya chombo kilichoitoa. Tafuta jina la maabara, fungua orodha, soma mstari wako, angalia pia kama ithibati haijasitishwa.

Nililipia somo hili. Dada mmoja wa Nyakato alikuwa amepata mnunuzi Kenya wa unga wa karanga, oda yake ya kwanza kubwa. Nikampeleka kwenye maabara niliyoiona ina cheti kizuri kimetundikwa mapokezi, chenye fremu ya dhahabu. Ripoti ikatoka safi. Mnunuzi akaisoma dakika mbili, akauliza mbona nembo ya ithibati haipo kwenye ukurasa wa sumukuvu. Tukageuza karatasi, chini kabisa kwa herufi za kusomea miwani: "Kipimo hiki hakimo katika wigo wa ithibati." Maabara haikudanganya. Iliandika kwa herufi ndogo na mimi sikusoma. Unga ulikaa ghalani wiki tatu tukitafuta maabara nyingine, na mvua zilikuwa zimeanza. Jina la maabara silitaji. Aliyekosea kusoma ni mimi.

Nauza mahindi na karanga Kenya. Kwa nini kila mara ni sumukuvu, sumukuvu?

Kwa sababu inaua, na haionekani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu wake huota kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu, na kupika hakuiondoi sumu.

Kibiashara utakumbuka Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Malori yakapanga foleni mpakani. Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi 10, maana yake mikrogramu 10 kwa kilo moja. Ndicho kiwango cha Afrika Mashariki: jumla 10, na ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Wanaolenga Ulaya wajue karanga za kuliwa moja kwa moja zinadaiwa jumla 4 na B1 isizidi 2. Karanga moja mbovu kwenye gunia inatosha kukuharibia, ndiyo maana namna ya kuchota sampuli ni nusu ya kazi. Ukichota juu ya gunia moja ukapeleka, umepima juu ya gunia moja. Mzigo hujaupima.

Hapa pia kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hakuna kipimo kisicho na ukingo wa shaka. Ripoti nzuri itaandika, mfano, 9.4 kuongeza au kutoa 1.5. Umefaulu? Inawezekana ukweli ni 7.9, inawezekana ni 10.9. Toleo la 2017 la ISO/IEC 17025 linataka, kama maabara itatamka "imefaulu" au "imeshindwa", mkubaliane kabla namna ya kuamua ukiwa kwenye ukingo huo. Uliza mapema. Na ukiona ripoti isiyotaja shaka yoyote, tarakimu kavu, iangalie kwa jicho la pili.

Mimi naanika dagaa mchangani Ukerewe. Ithibati itanisaidia nini?

Kwa leo, haikusaidii chochote, kaka. Nakwambia kwa sababu wengine watakuuzia semina. Dagaa aliyeanikwa mchangani ana mchanga, ana kinyesi cha kuku, na maabara yenye ithibati itakuandikia hivyo kwa usahihi mkubwa. Anza na chanja za waya zilizoinuliwa. Anza na maturubai ya kufunika mvua ikija, maana dagaa aliyenyeshewa akakaushwa tena unamjua kwa harufu na rangi. Ndoo za maji safi. Mnunuzi wa Kongo anayelipa kwa gunia hatakuuliza ripoti, lakini ataona tofauti kwa macho na ataongeza bei.

Siku ukitaka kuwauzia wanaopakia kwenye pakiti zenye jina, au wa mbali zaidi, ndipo ripoti itaanza kuwa na thamani. Wakati huo usiende peke yako. Kikundi cha watu kumi wanaotumia chanja moja na utaratibu mmoja wanaweza kupima pamoja na kugawana bili.

Nimeona mtandaoni cheti cha ISO kwa siku mbili, dola chache tu.

Kimbia. ISO yenyewe haitoi vyeti kwa mtu yeyote, inaandika viwango tu. Wanaotoa vyeti ni mashirika mengine, na ya kuaminika yana ithibati unayoweza kuihakiki.

Naagiza vifaa vya umeme China kuleta Mwanza. Hili linanihusu?

Linakuhusu sana, kwa upande wa pili wa mzani. Tangu 2012 TBS ina utaratibu wa kuthibitisha bidhaa kabla hazijapakiwa huko zinakotoka, kupitia kampuni za ukaguzi zilizopewa kazi hiyo. Mzigo ukifika bila cheti cha ulinganifu, unapimwa hapa, unalipa, unasubiri. Kama muuzaji wako wa Guangzhou anakutumia ripoti ya maabara, fanya vilevile: nani kaipa ithibati, wigo ni upi, na picha kwenye ripoti ndiyo bidhaa unayonunua wewe? Nimeona ripoti ya soketi nzuri imeambatishwa kwenye mzigo wa soketi ambazo waya wake ni mwembamba kama uzi wa nyavu. Nyumba za Mabatini zimepandiana mlimani, moto wa nyumba moja si wa nyumba moja.

Bidhaa yenye vyeti vyote inaweza kudhuru mtu?

Inaweza. Marekani, mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, karanga na siagi ya karanga za kampuni ya Peanut Corporation of America zilisambaza Salmonella. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 714, na vifo 9 vikahusishwa na mlipuko huo. Kiwanda kilikuwa kimepewa alama za juu na mkaguzi aliyelipwa na kampuni yenyewe. Vipimo vya maabara vilikuwa vimeonyesha vijidudu, na mizigo ikatoka hivyohivyo. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni, Stewart Parnell, alihukumiwa miaka 28 jela.

Tazama palipovuja: mkaguzi analipwa na anayekaguliwa, ziara inatangazwa kabla, na majibu mabaya yanabaki kwenye droo ya mwenye kiwanda. Ithibati inaziba sehemu ya mashimo hayo, hasa la kwanza, kwa sababu aliyempa mkaguzi ithibati anaweza kumnyang'anya. La droo haiwezi kuliziba. Hilo linataka mamlaka ya serikali yenye meno, na mfanyakazi mwenye ujasiri wa kusema.

Nimepata majibu mabaya. Nipime kwingine mpaka nipate mazuri?

Nimeshaombwa kusaidia hilo, na nimekataa. Ukipima mara tatu ukapata baya, baya, zuri, una mzigo mbaya na ripoti moja iliyobahatika. Una haki ya kuomba sampuli ya akiba ipimwe tena ikiwa unaamini kuna kosa, na maabara yenye ithibati inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyajibu. Tumia utaratibu huo. Sumukuvu ikithibitika, mahindi hayo hayageuzwi kuwa chakula cha familia yako wala cha kuku wa jirani.

Kwa nini gharama zote hizi zinamwangukia mdogo? Huu si ukuta wa wakubwa?

Kiasi fulani ndiyo. Kiwanda kikubwa kinagawa bili ya vipimo kwenye tani nyingi. Mama wa unga wa lishe anaigawa kwenye pakiti mia tatu. Wanunuzi wakubwa wa Ulaya nao wana viwango vyao binafsi juu ya vile vya sheria, na hivyo hujadiliani navyo. Sioni sababu ya kulipamba hili.

Lakini yapo mambo mawili. La kwanza, wewe mfanyabiashara mdogo huhitaji ithibati yako mwenyewe. Unahitaji kutumia maabara iliyo nayo, basi. Nimekutana na watu walioambiwa walipie "mchakato wa ithibati" wa duka la asali. La pili, kwa soko la Afrika Mashariki, alama ya ubora ya TBS inatambuliwa na nchi wenzetu chini ya sheria ya jumuiya ya mwaka 2006 ya viwango, ubora, vipimo na upimaji. Pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Mwanza upate barua ya utambulisho, kisha TBS ofisi ya Kanda ya Ziwa, uulize nafuu iliyopo kwa wajasiriamali wadogo. Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikiwabebea sehemu ya gharama hizo. Uliza kabla hujalipa chochote, na uliza kaunta, usiulize kwa vijana wa nje ya geti.

Nimeamua. Nianzie wapi?

Piga simu maabara kabla ya kufunga safari. Waulize wanataka gramu ngapi, chombo gani, na ifike ikiwa na joto gani. Samaki mbichi abebwe kwenye boksi lenye barafu, sampuli ikiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa ili maji ya barafu yasiingie. Nafaka ichotwe kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, ichanganywe kwenye turubai safi ndipo upunguze. Andika tarehe, saa na mahali ulipochota, kwa kalamu isiyofutika na maji. Ukipewa ripoti, isome mpaka herufi za chini kabla hujatoka mlangoni.

Na usiende Ijumaa jioni. Salmonella inataka siku nne, tano hivi za kuotesha na kuthibitisha, na sampuli iliyofika wakati watu wanafunga mikoba inaweza kukaa kwenye friji hadi Jumatatu. Nenda Jumatatu asubuhi, ikiwezekana na feri ya kwanza kama unatoka upande wa Sengerema, uwe wa mbele kwenye foleni.